Mi alzo, mi lavo, mi vesto: asubuhi ya Kiitaliano kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Mwambie Mwitaliano "Alzo alle sei" ukidhani umemwambia kwamba unaamka saa kumi na mbili asubuhi, naye atakutazama akisubiri umalizie. Kwake sentensi haijatimia: unainua nini saa hizo? Pazia? Ndoo? Mwambie "Sveglio alle sei" na atataka kujua unamwamsha nani. Kilichokosekana ni kijineno cha herufi mbili, "mi", na kijineno hicho kinawatoa jasho wengi wanaozungumza Kiswahili: watawa na mapadri wanaopitia Perugia kujifunza lugha kabla ya masomo yao Roma, wahudumu wa hoteli za Malindi, Watamu na Kiwengwa waliookota Kiitaliano mezani kwa wageni, na dada zetu wanaotunza wazee majumbani Milano na Torino.

Vitabu huviita "verbi riflessivi", vitenzi vya kujirejea, na maelezo huwa mafupi: mtendaji na mtendwa ni mtu mmoja. Si uongo. Tatizo ni kwamba Mswahili akiyasikia hayo anakimbilia "-ji-" moja kwa moja. Amejikata, amejificha, amejipamba, kumbe ni mambo yale yale! Anafungua ukurasa unaofuata, ule wa ratiba ya siku, anakutana na kuamka, kuoga, kuvaa, kuketi, kulala. "-ji-" iko wapi? Haimo hata katika kimoja. Basi anaanza kukariri orodha, na orodha iliyokaririwa bila sababu haikai kichwani.

Nionavyo mimi, somo hili lisianzie kwenye "-ji-". Lianzie kwenye "-sha".

Anayeamka na anayeamsha

Kiswahili kinachukulia kwamba shughuli za mwili ni za mwenye mwili. Mtu anaamka, anaoga, ananawa, anavaa, anaketi, analala. Hayo ndiyo maneno mafupi, ya msingi. Akiwa anamfanyia mwenzake ndipo neno linaponyambuliwa: kuamsha, kuogesha, kunawisha, kuvisha, kuketisha, kulaza. Anayejifanyia mwenyewe habebi alama yoyote. Alama anaibeba anayemtendea mwingine.

Kiitaliano kimepindua mpango huo. Neno lisilo na alama ni la kumtendea mwingine: "svegliare" ni kuamsha, "lavare" ni kuosha au kuogesha, "vestire" ni kuvisha, "addormentare" ni kumlaza mtoto mpaka usingizi umchukue, "fermare" ni kusimamisha. Anayetaka kusema kuamka, kuoga, kuvaa, kupata usingizi au kusimama lazima aongeze "si", ambayo kwenye kamusi hugandishwa mwishoni: "svegliarsi", "lavarsi", "vestirsi", "addormentarsi", "fermarsi". Kwa hiyo Kiswahili huongeza kitu ili kitendo kitoke kwa mtu kiende kwa mwenzake, na Kiitaliano huongeza kitu ili kitendo kiache kwenda kwa mwenzake kimrudie mwenyewe.

Chukua asubuhi ya mama mwenye watoto wawili:

"Mi sveglio alle sei. Alle sei e mezza sveglio Amina. Lei si lava e si veste da sola, ma il fratellino lo lavo e lo vesto io."

Yaani: naamka saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili na nusu namwamsha Amina. Yeye anaoga na kuvaa mwenyewe, lakini mdogo wake namwogesha na kumvisha mimi. Tazama vitenzi. Kiswahili kimetumia jozi tatu: naamka na namwamsha, anaoga na namwogesha, anavaa na kumvisha. Kiitaliano kimetumia vitenzi vitatu tu, na kazi yote ya kutofautisha imefanywa na vijineno vilivyotangulia. "Mi sveglio", naamka. "Sveglio Amina", namwamsha Amina. Ukiidondosha "mi", hujafupisha sentensi, umebadilisha habari.

(Kuhusu saa: "alle sei" ni saa kumi na mbili, na hapa kila mwanafunzi wetu hujikwaa mara mbili kwa mpigo, kwenye "mi" na kwenye saa. Hata hivyo Waitaliano wa kale wangetuelewa vizuri. Kwa karne kadhaa walihesabu saa kuanzia jua linapozama, kama sisi tunavyoanza siku magharibi. Ndani ya kanisa kuu la Firenze ipo saa iliyochorwa na Paolo Uccello mwaka 1443 ambayo hadi leo inahesabu hivyo, saa ya ishirini na nne ikiangukia machweo.)

Ukishaielewa jozi ya amka na amsha, ndugu yake ni jozi ya inua na inuka. "Alzare" ni kuinua, "alzarsi" ni kuinuka, ndiyo maana "mi alzo" ikawa neno la kutoka kitandani. Vivyo hivyo "aprire" ni kufungua na "aprirsi" ni kufunguka: "la porta si apre", mlango unafunguka. Mlango haujifungui, wala basi halijisimamishi mtu anaposema "l'autobus si ferma qui", basi linasimama hapa. Ile kanuni ya vitabu, kwamba mtendaji na mtendwa ni mmoja, hapa inaanza kuyumba, lakini anayetoka kwenye Kiswahili hana haja ya kuyumba nayo. "Si" ya Kiitaliano inafanya kazi ya "-k-" yetu kama inavyofanya kazi ya kuivua "-sha".

Je, "-ji-" haina nafasi kabisa? Inayo, mahali pachache na pazuri. Kujiandaa ni "prepararsi", kujipodoa ni "truccarsi", kujifunika ni "coprirsi", kujitazama kwenye kioo ni "guardarsi allo specchio". Na kuna kitenzi kimoja chetu ambacho muundo wake ni wa Kiitaliano mtupu: kujilaza, yaani "sdraiarsi". Tumechukua kulala, tukakifanya kulaza, kisha tukamrudishia mwenyewe kwa "-ji-". Waitaliano hufanya hivyo kwa karibu kila kitu kinachotokea kati ya kitanda na bafu.

"Mi" si "mimi"

Mtego unaofuata ni wa sauti. Katika Kiswahili cha mtaani tunasema "mi naamka saa kumi na moja", na "mi" hiyo ni mimi iliyofupishwa. Basi mwanafunzi anapoisikia "mi alzo" anaamini kwamba "mi" ndiye mtendaji, sawa na ya kwetu. Matokeo yake ni mawili. Kwanza anaacha kujali mwisho wa kitenzi, anasema "mi alza". Pili anaibandika "mi" kila mahali: "mi vado", "mi lavoro", "mi abito a Roma". Ukweli ni kwamba mtendaji amekaa mwishoni, kwenye "-o" ya "alzo". Hiyo ndiyo "ni-" yetu, ila imewekwa mkiani. "Mi" ni yule anayepokea kitendo. "Io" inaweza kutajwa kwa mkazo, kama sisi tunavyotaja mimi, lakini kwa kawaida huachwa.

Tofauti nyingine ni kwamba "-ji-" ni moja kwa watu wote, najipamba, unajipamba, wanajipamba, ilhali kijineno cha Kiitaliano hubadilika kumfuata mtu: "mi alzo, ti alzi, si alza, ci alziamo, vi alzate, si alzano". Kwa kuwa kamusi huandika "alzarsi", wapo wanaoibeba hiyo "si" kwenda nayo popote, "io si alzo". Wanaoteleza hivyo ni hasa wale ambao "-ji-" imewazoesha kwamba kurejea ni kitu kisichobadilika. Dawa ni kujifunza kijineno na kitenzi kama neno moja tangu siku ya kwanza: mdomo useme "cialziamo" kabla akili haijauliza kwa nini. Na ikumbukwe kwamba "ci" husomwa "chi".

Halafu kuna mkazo wa sauti, jambo ambalo vitabu hulipita haraka na ambalo ndilo linalotutambulisha mara tunapofungua mdomo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, bila huruma. Kiitaliano mara nyingi hufanya hivyo pia, kwa hiyo tunajiona tumefika, mpaka tunapokutana na wao. "Si àlzano", "si svègliano", "si làvano", "si vèstono": mkazo uko palepale ulipokuwa kwenye "si alza", kana kwamba "-no" haikuongezwa. Mswahili atasema "si alzàno", na atasikika kama anayesoma neno geni. "Pettinarsi", kuchana nywele, ndiyo mbaya kuliko zote: "si pèttinano", mkazo kwenye silabi ya nne kutoka mwisho. Amri nazo ni hivyo hivyo, kwa sababu kijineno hugandamana na kitenzi kwa nyuma bila kuusogeza mkazo: "àlzati!", inuka, "svègliati!", amka, "sbrìgati!", fanya haraka, "accòmodati!", karibu ukae. Ningeshauri mtu atumie wiki nzima kwenye amri hizi kabla ya jedwali lolote la nyakati. Ni fupi na zinasikika kila nyumba yenye watoto.

Mikono ni ya nani?

Hapa Kiswahili kinatubeba. Mwitaliano hasemi "lavo le mie mani", naosha mikono yangu. Anasema "mi lavo le mani". Mwenye mikono ametajwa na "mi", basi "yangu" ya nini tena? Sisi pia tunasema nanawa mikono, na tukimtaja mtu mwingine tunamtia kwenye kitenzi: namwosha nywele, amenikanyaga mguu, wamemfunga macho. Atakayesema "ameukanyaga mguu wangu" ataeleweka, lakini utahisi anatafsiri. Kiitaliano kina hisia hiyo hiyo: "le lavo i capelli", namwosha nywele, "mi lavo i capelli", naosha nywele, na zote mbili hazina habari ya "zake" wala "zangu". Mtu aliyevunjika mkono atasema "mi sono rotto il braccio". Nimevunjika mkono. Mtu yuko kwenye kitenzi, kiungo kinafuata kikiwa peke yake.

Nguo zinafuata njia hiyo pia. Navaa koti ni "mi metto la giacca", navua viatu ni "mi tolgo le scarpe". "Mettere" peke yake ni kuweka na "togliere" ni kuondoa, kwa hiyo ni "mi" inayosema kwamba koti limewekwa mwilini, wala si kwenye kiti.

Na kwa kuwa tumo bafuni: kwenye mazungumzo ya kila siku kitenzi kinachobeba mzigo mkubwa ni "farsi", kujifanyia. "Mi faccio la doccia", naoga kwa bomba la mvua. "Mi faccio la barba", nanyoa ndevu. "Radersi" ipo lakini ni ya maandishi zaidi. "Mi faccio il bidet", ambayo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana, ni kutawaza kwa kutumia kile kibeseni kilicho kando ya choo. Amri ya wizara ya tarehe 5 Julai 1975 ililazimisha kila makazi nchini Italia yawe na bafu moja angalau lenye bidet, na Mwitaliano akiwa safarini nchi za jirani atalalamika kuikosa kama sisi tunavyolalamika kukosa maji chooni. Dada anayesukwa naye ana sentensi yake: "mi sono fatta le treccine". Ametiwa mikono na msusi kwa saa tano, lakini anasema amejifanyia. Tusiwacheke, maana sisi pia tunasema "nimesuka" na "nimenyoa" hali mkasi ulishikwa na mtu mwingine.

Jana

Wakati uliopita ndipo wengi waliofika mbali wanapoangukia. Vitenzi vingi vya Kiitaliano huenda wakati uliopita na "avere", kuwa na: "ho lavato i piatti", nimeosha vyombo. Kitenzi chenye "mi, ti, si" hakikubali. Kinataka "essere", kuwa: "mi sono lavato". Kosa linalosikika kila mahali ni "mi ho lavato", na halitibiwi kwa maelezo marefu. Litibiwe kwa kulikataa tu.

Kinachofuata hakipaswi kumtisha mtu wa Kibantu. Ukitumia "essere", neno la mwisho hupatana na mtendaji. Mwanamume husema "mi sono alzato", mwanamke "mi sono alzata", kundi lenye mwanamume hata mmoja "ci siamo alzati", wanawake watupu "ci siamo alzate". Mtu aliyezaliwa akisema kiti kimevunjika, viti vimevunjika, meza imevunjika, hana sababu ya kulalamikia irabu nne. Upya uliopo ni kwamba lazima ujue jinsia ya msemaji, kitu ambacho Kiswahili hakikuulizi kamwe. Mwanamke anayejifunza kwa kumwiga mwalimu mwanamume huishia kusema "mi sono alzato" kwa miezi bila mtu kumrekebisha, kwa sababu ya adabu.

Kuna fundo moja dogo. "Mi sono lavata le mani": mwanamke ndiye anayefuatwa, hata kama mikono imetajwa. Lakini mikono ikigeuzwa kijineno, yenyewe ndiyo inayofuatwa: "Le mani? Me le sono lavate." Hata mwanamume atasema "lavate" hapo. Na "mi" imegeuka "me" kwa kuwa imekutana na "le". "Si" ingegeuka "se". Mtu anaweza kuishi Italia miaka mingi bila kulifungua fundo hili na asipungukiwe kitu, ila mtihani wa cheti hautamsamehe.

Pale ambapo "si" inapimwa

Kwa wanaofanya kazi ya kutunza wazee, wale wanaoitwa "badanti", tofauti hii si ya darasani. Binti wa mzee anapiga simu jioni kuuliza siku imekwendaje. "La signora si è alzata" maana yake bibi ameinuka mwenyewe. "Ho alzato la signora" maana yake umemnyanyua wewe. Katikati yapo maneno ya tatu: "l'ho aiutata ad alzarsi", nimemsaidia kuinuka. Ni hali tatu tofauti za afya. Anayetumia moja kwa zote tatu anaweza kumfanya daktari aamini kwamba mgongo umepona.

Daktari naye, au tume inayokuja kumpima mzee, huuliza kwa vitenzi hivi hivi: "Si lava da sola? Si veste da sola? Si alza dal letto da sola?" Anaoga mwenyewe? Anavaa mwenyewe? Anatoka kitandani mwenyewe? Maswali ya namna hiyo yamo kwenye kipimo cha Katz, kilichochapishwa Marekani mwaka 1963 na ambacho bado kinatumika Italia kupima kama mtu anajimudu. Majibu yana uzito wa fedha. Sheria namba 18 ya mwaka 1980 ilianzisha posho ya kila mwezi kwa asiyeweza kutembea bila msaada wa kudumu, au asiyeweza kufanya mwenyewe shughuli za kila siku za maisha, na anayeilipa ni INPS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mtunzaji anayejibu "sì, si lava" akimaanisha kwamba bibi huogeshwa kila siku na ni msafi, amejibu jambo jingine kabisa. Alitakiwa kusema "no, la lavo io".

Katika nyumba hizo utaisikia "si" kwa sababu nyingine pia. Kiitaliano cha heshima humwita mtu kama anayezungumziwa pembeni, kwa "Lei", kwa hiyo kijineno chake ni "si" hata unapomtazama usoni. "Signora, come si sente?" Bibi, unajisikiaje leo? "Si sieda", keti tafadhali. "Si appoggi a me", niegemee. "Si accomodi", ambayo mtu huisikia kwenye kila mlango, ni "karibu" yetu yenye kiti ndani yake. Kumwambia bibi wa miaka tisini "siediti" si matusi, lakini ni kama kumsalimia "mambo".

Wasiohusika

Baada ya yote hayo mwanafunzi huanza kuona "si" kila kona, na inabidi kumtuliza. Kupata kifungua kinywa ni "fare colazione", bila kijineno. Kutoka ni "uscire", kurudi "tornare", kula chakula cha mchana "pranzare", cha jioni "cenare", kwenda kulala "andare a letto". Hivi havina jozi ya "-sha" iliyofichwa, basi havina cha kurudisha.

Kulala kwenyewe kunahitaji uangalifu, kwa sababu neno letu moja linafunika maneno yao matatu. Kujinyoosha kitandani ni "sdraiarsi". Kupitiwa na usingizi ni "addormentarsi". Kuwa usingizini ni "dormire", bila "si", na "mi dormo" haipo. Tazama sentensi ya kawaida kama "nililala saa nane", inayoweza kuwa saa nane za usiku au usingizi wa saa nane. Kiitaliano kitakulazimisha uchague: "mi sono addormentata alle due", au "ho dormito otto ore".

Kukiwa na lazima au kutaka, kijineno kina makazi mawili halali. "Devo alzarmi" na "mi devo alzare" ni sawasawa, lazima niamke. Kinachokatazwa ni kukiweka katikati: "devo mi alzare" haisemwi. Na kikikaa mkiani kisisahau ni cha nani. "Prima di addormentarci preghiamo", kabla ya kulala tunasali. "Ci" inabaki kwa sababu ni sisi, hata kama kamusi ilisema "addormentarsi".

Kiitaliano pia kinatumia vijineno hivi hivi kwa kutendana, jambo ambalo sisi tumelitengea "-ana". "Ci vediamo domani" ni tutaonana kesho. "Si salutano" ni wanasalimiana. Ubaya wake ni kwamba "si guardano" inaweza kuwa wanajitazama, kila mmoja na kioo chake, au wanatazamana. Sisi hatuna utata huo. Wao huumaliza kwa kuongeza "a vicenda" au "l'un l'altro", au huuacha. Na mazungumzo yanapokuwa ya watu kwa jumla, "si" ya jumla ikikutana na "si" ya kujirejea, ya kwanza hugeuka "ci": "in campagna ci si alza presto", shamba watu huamka mapema. Hiyo "hu-" yetu ndiyo tafsiri bora ninayoijua ya "ci si".

Yabaki matumizi ambayo walimu wengi huyaweka mwisho au huyaacha, nami ningeyaleta mapema kwa sababu Mswahili anayaelewa bila kuelezwa. Mwitaliano, hasa wa katikati na kusini mwa nchi, atasema "mi bevo un caffè", "mi mangio una pizza", "mi guardo un film". Hakuna anayejinywa. "Mi" imeongezwa kwa raha tu, kuonyesha kwamba mtu anajistarehesha na kitu chake wala hana haraka na mtu. Kwetu ni "najinywea kahawa yangu", "najilia pizza yangu", "najitazamia filamu yangu". Hata "zangu" wanayo kwa namna yao: "me ne vado" ni naondoka zangu, "me ne torno a casa" ni narudi zangu nyumbani, na hiyo "ne" haina tafsiri nyingine itakayokufaa zaidi. Ni lugha ya mezani na ya barazani. Kwenye barua ya maombi ya kibali cha kuishi andika "bevo", "vado" na "torno" peke yake.